Beringi za Konrodi: Kabla Utyuni Subaru Yako, Chanuka na Hii Kitu Ndogo

Msee akiamua kutyuni ndai, doh huanza kuenda kwa vitu zinaonekana. Turbo kubwa, eksozi yenye majirani wote wanaichukia, rimu, halafu msee wa laptopu anaitwa aongeze busti. Hakuna mtu hupiga beringi za konrodi picha akaweka kwa stetasi. Lakini pitia garage yoyote ya Subaru Nairobi uulize zile injini zimelazwa kwa kona zilidedi aje. Mara mob sana jibu litakuwa vipande vinane vya chuma, kila kimoja unene wake karibu milimita 1.5, zenye mwenye gari hakuwahi kuziona hadi siku zilimtoa kwa barabara.

Hapa tutatumia injini ya EJ kama mfano, yaani EJ20 na EJ25 za turbo zenye ziko ndani ya Impreza WRX, STi, Forester na Legacy. Ndizo ziko mob mtaani, na pia ndizo zinasumbua zaidi kufungua. Ukielewa EJ, 4G63 ya Evo au 1JZ ya Toyota haitakushtua. Kitu kimoja tukiseme mapema: beringi za resi haziokoi injini imefungwa vibaya. Chenye kinaokoa injini ni nafasi sahihi ya oili, usafi, na oili yenyewe kufika. Jina kwa boksi linakuja baadaye.

Hizi vitu hufanya nini?

Konrodi ndio mkono unaunganisha pistoni na kranki. Upande mdogo umeshika pini ya pistoni, upande mkubwa umekumbatia kranki. Huo upande mkubwa umekatwa mara mbili, na kile kipande cha pili mafundi hukiita kofia, kinafungwa na bolti mbili. Ndani ya hiyo duara ndio beringi zinakaa, nusu moja kwa rodi, nusu ingine kwa kofia. Rodi nne, kwa hivyo nusu nane.

Usifikirie beringi ya gurudumu yenye iko na mipira ndani. Hii haina kitu inazunguka. Ni chuma laini, kranki inazunguka katikati, na kati yao kuna oili tu. Kranki ya EJ kwa hiyo sehemu iko na kipenyo cha milimita 52. Ikizunguka 7,000 kwa dakika, uso wake unapita mbele ya beringi kwa kasi ya karibu kilomita 68 kwa saa. Vyuma vikigusana kwa hiyo mwendo, hata dakika moja ni mingi.

Kwa nini haziguzani? Umewahi kupita Mombasa Road mvua imenyesha, ndai ikateleza juu ya maji, stelingi ikawa nyepesi ghafla? Taya imekokota maji chini yake ikapanda juu yake. Kranki hufanya hivyo na oili kila sekunde. Inakokota oili iingie mahali nafasi ni ndogo zaidi, na hiyo kabari ya oili ndio inabeba mzigo. Presha ya pampu yenyewe haibebi kranki. Kazi ya pampu ni kuhakikisha oili haiishi hapo.

Sasa weka mzigo. Busti ikiongezeka, mlipuko unasukuma pistoni kwa nguvu zaidi, na anayepigwa ni ile nusu ya beringi iko upande wa rodi. Mzunguko ukiongezeka, pistoni inataka kuendelea na safari yake wakati kranki inaivuta irudi, na hapo anayeumia ni kofia na bolti zake. Hiyo ya pili wasee husahau. Nguvu yake hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hivyo ukitoa kikomo kutoka 6,500 ukiweka 7,500, umeongeza karibu theluthi moja ya mzigo na si ule kidogo unaona kwa sahani ya mzunguko. Ndio maana msee wa laptopu akikuambia atakuongezea mizunguko bure, hiyo si bure.

EJ iko na shida yake ya kuzaliwa pia. Ni injini ya kulala, silinda mbili kila upande, na kranki yake ni fupi. Kwa hiyo urefu mfupi lazima iingie beringi tano kubwa za bloku na nne za konrodi. Matokeo ni kwamba beringi za konrodi ni nyembamba kwa upana kuliko zile ungepata kwa injini ndefu ya silinda nne zimesimama. Uso mdogo, mzigo uleule. Kwa nguvu ya kiwanda inatosha. Ukipandisha nguvu maradufu, huna nafasi ya kuwa mzembe.

Kuchagua: usinunue jina, soma namba

Beringi za konrodi ziko za aina mbili kubwa. Kuna zile za tabaka mbili, mgongo wa chuma na uso wa alumini iliyochanganywa na vitu kama silikoni. Hizi ziko kwa gari mob za kiwanda, na ni ngumu kuchakaa. Halafu kuna za tabaka tatu: mgongo wa chuma, katikati shaba iliyochanganywa, halafu juu kabisa tabaka laini jembamba sana. Kwa beringi za resi hilo tabaka la juu huwa karibu maikroni 13, yaani milimita 0.013. Kazi ya shaba ni kubeba mzigo mkubwa bila kupasuka. Ile laini ya juu inasamehe kranki ikipinda kidogo ama ikigusa kwa nukta moja.

Hapo ndipo story za jaba huanza. Wasee hufikiria ya resi ni ngumu zaidi kwa kila kitu. Zii. Ya resi inabeba mzigo zaidi, lakini hiyo maikroni 13 ikishaisha, imeisha, na unabaki na shaba. Kwa hivyo oili chafu inaimaliza haraka. Kama ndai yako ni ya kwenda job na nguvu ni ya kiwanda, beringi za kiwanda za Subaru ni fiti kabisa, wacha mtu asikuaibishe. Ukianza kupandisha busti ama mizunguko, hapo sasa tabaka tatu inakuwa lazima.

Majina yenye utakutana nayo ni ACL, ya Tasmania kule Australia, King ya Israel, na Clevite yenye iko chini ya Mahle ya Ujerumani. Zote tatu zinajua kazi yao, na kubishana gani ni kali zaidi ni kama kubishana Gor na Ingwe. Cha maana ni herufi kwa boksi. Kwa ACL ya rodi za EJ zenye kranki ni milimita 52, namba ni 4B8296H. Ile H inamaanisha ya nguvu. Ukiona HX, hiyo X ni nafasi ya ziada ya oili, karibu milimita 0.025 zaidi. King pia hutumia X hivyohivyo kwa beringi zake za XP. Msee akinunua HX kwa sababu X imekaa kali, na kranki yake ilikuwa inataka H, amejinunulia injini yenye presha ya oili imelala.

Pia kuna EJ za zamani zenye kranki yake ni milimita 48. Pima kwanza ndio uagize, usiende na story ya "hii ni ya Subaru, zote ni moja."

Halafu kuna hii mambo ya saizi. Kranki ikikwaruzwa, inapelekwa kwa mashini ikasagwe, inakuwa ndogo, ndio unanunua beringi nene zaidi kujaza. Kwa duka utaskia "saizi 10" ama "saizi 20". Hizo ni elfu za inchi: saizi 10 ni milimita 0.25, saizi 20 ni 0.5. Mafundi wetu wamezoea kusaga, na kwa matatu ama pikapu hakuna ubaya. Lakini kranki nyingi za STi zimepikwa kwa nitrojeni ndio uso uwe mgumu, na huo ugumu hauendi ndani sana. Ukisaga, umeutoa. Basi ama irudishwe kupikwa tena, ama utafute kranki ingine ya eksi-Japani yenye bado ni standadi na unahitaji tu kuipolish. Mimi ningependelea hiyo ya pili. Ni chapaa zaidi siku hiyo, lakini inakuepusha na kufungua injini mara mbili.

Feki ziko, na ziko na boksi smart. Beringi ya ukweli huwa na alama kwa mgongo: jina ama nembo ya kampuni, na saizi. Toa zote nane kwa boksi ukiwa bado kwa duka, ziangalie moja moja. Kama mwenye duka anakasirika juu ya hiyo, umepata jibu.

Nafasi ya oili: hapa ndio injini huamuliwa

Ukikumbuka kitu kimoja tu kutoka hii makala, iwe hii. Kati ya kranki na beringi lazima kuwe na nafasi, na hiyo nafasi inapimwa, haikisiwi. Ikiwa ndogo sana, oili inapita kidogo, inachemka, inakuwa maji, vyuma vinagusana. Ikiwa kubwa sana, oili inamwagika kando haraka kuliko pampu inavyoleta, presha inashuka, na rodi inaanza kupiga kranki kama nyundo.

Wajenzi wa injini wana kipimo cha zamani cha kuanzia: elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo cha kranki. Kranki ya milimita 52 ni kama inchi mbili na kidogo, kwa hivyo unapata karibu milimita 0.05. Unywele wako mmoja unaweza kuwa mnene kuliko hiyo. Kwa injini ya barabara yenye imetyuniwa kiasi unaweza kukaa chini ya hapo kidogo, na ya resi kamili juu kidogo. Msee akikuambia "nimeskia kwa mkono, iko sawa", manze, mkono haupimi nusu ya sehemu ya kumi ya milimita.

Inapimwa aje? Kranki inapimwa na mikromita kwa kila shingo, mahali kadhaa, ndio ujue kama imekuwa yai ama imechongoka upande mmoja. Halafu beringi mpya zinawekwa ndani ya rodi, kofia inafungwa kwa nguvu kamili ya mwisho na zile bolti utatumia siku ya kweli, na ndani inapimwa na boa geji. Tuseme kranki imetoka 51.99 na ndani ya beringi imetoka 52.04. Toa, unabaki na 0.05. Hiyo ni fiti. Ingetoka 0.03 kwa injini ya nguvu, unaweza kubadilisha nusu moja ya beringi uweke HX na nusu ingine ibaki H, na nafasi inaongezeka karibu 0.0125. Hiyo ni kitu wajenzi hufanya kila siku, si ujanja wa mtaa.

Kuna kitu mafundi wengi hukosea hapa. Beringi si duara kamili. Imetengenezwa makusudi iwe nene katikati na nyembamba karibu na pale nusu mbili zinakutana. Ukipima karibu na hiyo maungio utapata namba kubwa ya uongo. Unapima wima, digrii 90 kutoka kwa maungio.

Kama garage haina boa geji, kuna Plastigauge. Ni kauzi ka plastiki unakata, unalaza juu ya kranki kavu, unafunga kofia kwa nguvu kamili, unafungua, halafu unalinganisha venye imepondwa na kipimo kwa karatasi yake. Usizungushe kranki ikiwa ndani, utaikokota na namba iwe takataka. Haifikii mikromita, lakini inashinda kukisia mara mia, na inatosha kukuonyesha kama kuna rodi moja iko mbali na wenzake. Fundi wa EJ ya nguvu asiye na hata hiyo Plastigauge, toa ndai yako hapo polepole.

Kufunga

Kwa 4G63 ama 1JZ unaweza kushusha sampu na kufikia kofia za rodi kutoka chini. Kwa EJ, sahau. Injini lazima itoke kwa gari. Bloku yenyewe ni nusu mbili zimefungwa pamoja na kranki imelala katikati, na ndio zitengane, pini za pistoni zinatolewa kwanza kupitia matundu maalum kwa bloku. Kwa hivyo fundi akikuambia atakubadilishia beringi za konrodi za Subaru jioni hii ukikunywa chai, muulize anapitia wapi.

Uzuri ni kwamba kwa sababu ya huo mpangilio, rodi zinafungwa kwa kranki ikiwa juu ya meza, mbele yako, kwa mwangaza. Hakuna kisingizio cha kufanya vibaya.

Usafi ndio unakula saa nyingi, na ndio mafundi huruka. Kranki iko na matundu ya oili ndani yake, yanapita kutoka shingo za bloku hadi shingo za rodi. Kama injini iligonga, hayo matundu yamejaa vumbi la chuma. Yanataka brashi nyembamba, mafuta ya taa ama kisafishaji, halafu hewa ya kompresa, urudie hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Kranki imesagwa ama kupolishiwa pia inarudi na unga wa mawe ndani ya hayo matundu. Ukifunga hivyo, beringi mpya zinasagwa siku ya kwanza, na utalaumu kampuni.

Mgongo wa beringi na ndani ya rodi lazima ziwe kavu kabisa. Hapo hakuna oili, hakuna grisi. Oili inaenda kwa uso wa ndani tu, ule unatazama kranki, na hapo unapaka ya kutosha, ikiwezekana ile nzito ya kufungia injini yenye haikauki wiki mbili. Sababu ni hii: beringi hushikwa na kubanwa. Kila nusu ni ndefu kidogo tu kuliko nusu ya duara, kwa hivyo kofia ikifungwa zinasukumana na kukaza mgongo kwa rodi. Ule mkia mdogo kwa beringi haushikilii kitu, unakuonyesha tu mahali pa kuiweka. Hiyo kubanwa pia ndio hupitisha joto kutoka beringi kwenda kwa rodi. Ukiweka oili ama uchafu nyuma, joto linakwama.

Na sasa zile dawa za mtaani. Kuweka karatasi ama foili nyuma ya beringi ndio sauti ipotee. Kusaga kofia na faili ndio ibane. Kupiga kranki msasa kwa mkono hadi ing'ae. Zote tatu zinaweza kunyamazisha injini kwa wiki mbili, na hiyo ndio sababu hufanywa: zinatosha gari iuzwe. Karatasi inaharibu ile kubanwa, kofia ikisagwa duara inakuwa yai, na msasa wa mkono unaacha shingo imekuwa na mabonde. Ukinunua Subaru ya mtu mtandaoni na ameandika "injini imefanywa juzi", uliza risiti ya mashini na namba ya beringi. Asiye nazo, hesabu kama injini haijafanywa.

Kila kofia ina rodi yake na upande wake. Ziwekwe alama kabla ya kufunguliwa, kwa sababu zilitobolewa pamoja kiwandani na kofia ya rodi ya pili haiwezi kukaa kwa ya nne. Bolti zinafungwa kwa spana ya toki, kwa hatua, na kwa namba ya mwenye bolti. Kama umeweka bolti za ARP, tumia namba ya ARP na ile grisi yake, si oili ya injini, kwa sababu grisi ikibadilika, msuguano unabadilika na bolti inavutika tofauti. Njia kali zaidi ni kupima venye bolti imerefuka. Na jua hii: bolti mpya za nguvu zinaweza kubana rodi hadi lile duara libadilike umbo. Ndio maana tulisema upime na bolti za mwisho. Likibadilika, rodi inaenda kwa mashini itobolewe upya.

Baada ya kila rodi kufungwa, isukume na kidole. Inafaa ianguke yenyewe polepole ama izunguke laini, na iwe na mchezo mdogo kushoto na kulia. Ikikwama mahali, fungua. Usijiambie itajilainisha.

Kwa kuunganisha bloku, silikoni iwe uzi mwembamba. Ile inajaa na kumwagika ndani ikikauka hukatika, inashuka kwa sampu na kuziba chujio ya pampu. Kuna injini zimeuawa na silikoni ya thao moja.

Oili yenyewe

Unaweza kufanya yote hapo juu poa na bado injini igonge, kwa sababu oili haikufika. EJ za turbo ziko na mrija wa kunyonya oili kwa sampu wenye unajulikana kupasuka pale umeunganishwa. Ukipasuka, pampu inanyonya hewa, na hewa haibebi kranki. Injini ikiwa nje, badilisha huo mrija, hata kama unaonekana mzima. Kuna za soko la resi zenye ni imara zaidi.

Kama injini iligonga, kipoza oili cha chini ya filta pia kitolewe kitupwe. Kiko na njia nyembamba ndani, na chuma kikiingia humo hakitoki na kuosha. Utafunga injini mpya halafu ile takataka ya zamani irudi kwa beringi zako mpya. Turbo pia ikaguliwe. Watu hukataa hizi gharama mbili ndio wanarudi garage baada ya mwezi.

Oili uzito gani? Inafuata nafasi. Nafasi ya kiwanda, oili ya kiwanda. Ukifungua hadi karibu 0.05 na busti iko juu, wajenzi wengi huenda 5W-40 ama 10W-40. Kuweka HX na oili nyepesi kama maji ni kutafuta ngori. Na usingoje taa nyekundu. Hiyo taa huwaka presha ikiwa karibu kuisha kabisa, wakati beringi zimeshaanza kulia. Weka geji ya presha. Kanuni ya zamani ya garage ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, injini ikiwa moto, kwa hivyo kwa 6,000 unataka kuona karibu 60. Si sheria ya Mungu, lakini ukiona 30, rudi keja polepole.

EJ iliyotyuniwa pia hula oili. Angalia kijiti kila ukijaza petroli, na ujaze ifike juu. Ukipiga kona ndefu na kali oili ikiwa nusu, yote inakimbilia upande mmoja na mrija unabaki na hewa. Subaru ilishinda Safari Rally mwaka 1997 na Colin McRae, na 2000 na Richard Burns, lakini hizo injini zilikuwa na timu nzima ya kuzifungua na kuzikagua. Yako iko na wewe peke yako.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, usiwashe. Jaza filta oili, chomoa plagi ya sensa ya kranki ndio isishike moto, halafu zungusha na stata kwa vipindi vifupi hadi geji ionyeshe presha. Hapo ndio urudishe plagi na uwashe. Baada ya kama nusu saa ya kwanza mwaga hiyo oili, kata filta na uangalie ndani. Vumbi kidogo la kijivu si ajabu. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba ni simu ya kurudi kwa meza. Busti iache hadi injini izoee.

Ikianza kugonga

EJ zikiwa baridi hupiga kelele ya pistoni asubuhi, halafu inapotea injini ikipata moto. Hiyo isikupe stress. Ya beringi ya konrodi ni tofauti: ni tok tok nzito inaongezeka ukipandisha mizunguko, na huwa mbaya zaidi injini ikipata moto, kwa sababu oili imekuwa nyepesi. Fundi anaweza kuchomoa koili ya silinda moja moja. Ile yenye ikichomolewa sauti inapungua, hapo ndipo mgonjwa yuko. Ukiiskia ukiwa barabarani, zima uite breakdown. Kilomita tano za kujikokota hadi kwa fundi zinaweza kugeuza beringi za kubadilisha kuwa kranki, rodi na shimo kwa bloku.

Injini ikifunguliwa, dai upewe zile beringi za zamani. Zinaongea. Zikiwa na mistari mingi ya kuzunguka, oili ilikuwa chafu. Zikiwa nyeusi na zimeungua, oili haikufika. Kama nusu ya upande wa rodi ndio imepondwa na ya kofia iko sawa, hiyo ni busti ama petroli kulipuka kabla ya wakati, na shida iko kwa map ya ECU, si kwa beringi. Kama ya kofia ndio imeisha, ni mizunguko. Zikiwa zimelika upande mmoja tu wa upana, rodi imepinda ama kranki imesagwa vibaya. Zipange kwa gazeti kwa namba ya silinda, zipige picha, na umwonyeshe msee wa laptopu pamoja na fundi wa mashini kabla yeyote kati yao hajaagiza seti ingine.